Pak Marsudi na Mke Aliyeishia Getini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwatembeza wageni kwenye mahekalu ya Prambanan, hapa Java, Indonesia, Pak Marsudi Wignyo anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti. Sisi waongoza wageni wenzake tutaikosa sana sauti yake.

Alianza vibaya, jamani! Michongo ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, husomwa ukizunguka huku hekalu la mungu Shiva likiwa kuumeni kwako. Siku ya kwanza yeye akazunguka kinyume, jeshi la nyani likaenda kumkomboa malkia Sita kabla hajaibiwa. Mpaka leo tunamtania.

Lakini mpe mawe uone! Tetemeko la mwaka 2006 lilipoiangusha baadhi ya minara, alishinda na mafundi waliokuwa wakiipanga upya chini kwanza, jiwe kwa jiwe, kabla ya kuipandisha. Alivyoeleza mawe yale yanavyoshikana bila saruji, hata watoto wa shule walinyamaza.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya Bandung Bondowoso, aliyetakiwa kujenga mahekalu elfu kwa usiku mmoja ndipo amwoe binti mfalme Roro Jonggrang, ambaye hakumtaka. Binti akawaamsha wanawake watwange mpunga, majogoo wakadhani kumekucha, wakawika kabla hekalu la mwisho halijaisha. Bandung kwa hasira akamgeuza jiwe. Ndiye huyo sanamu kwenye chumba cha kaskazini cha hekalu la Shiva, ingawa wanaosali humo humwita Durga, mungu wa kike. Tangu hapo, watu husema, wachumba wakiingia pamoja lazima waachane.

Pak Marsudi alipata kazi hii akiwa na mchumba, Bu Warsini. Mama huyu hakutaka mchezo. "Mimi na wewe humo ndani? Thubutu!" Wakaoana, wakapata watoto, wa kwanza Retno, bado akagoma. Kila adhuhuri alileta wali na tempe ya soya hadi getini, akageuza. Mumewe alitamani kitu kimoja tu: mkewe amsikie akisimulia pale mahali penyewe, walau mara moja. Alicheka akilisema hilo, lakini tulijua linamuuma.

Jumanne iliyopita aliongoza msafara wake wa mwisho. Amefika mbele ya Jonggrang, anainua mkono kuonyesha hasira ya Bandung, mara akamwona Bu Warsini katikati ya wageni, na kapu lake la chakula. Sauti ikakata.

"Endelea, Baba Retno," mama akasema. "Nimekata tiketi kama wenzangu."

"Na kuachana je?"

"Kwa umri huu? Nani mwingine atakuvumilia?"

Wageni waliangua kicheko. Pak Marsudi alimalizia hadithi huku machozi yakimtoka, nasi nyuma hatukuwa na hali nzuri zaidi. Kisha wakatoka kwa lango moja, wameshikana mikono.

Asante kwa yote, kaka yetu. Tunawaombea wewe na Bu Warsini afya na umri mrefu, na tafadhali, msituaibishe: msiachane.