Miaka Ishirini na Tisa ya Nicanor Wepukhulu, na Mstari Mmoja Kitabuni

Wasomaji wa karatasi hii ya wafanyakazi, nawaomba radhi. Tangu toleo la Februari sijaandika neno, na wengine wenu mmeniuliza yadini kama kalamu yangu imestaafu kabla ya mwenyewe. Haikustaafu. Niliagizwa kuandika wasifu wa Mzee Nicanor Wepukhulu. Niliuanza mara tatu, na mara zote tatu niliuacha, kwa sababu haukuwa wa kweli. Huu ni wa nne.

Mzee Wepukhulu, dereva wa Kampuni ya Uchukuzi ya Sosiani hapa Eldoret, atastaafu Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956. Aliandikwa kazi tarehe 4 Machi 1927. Wote walioandikwa pamoja naye mwaka ule wamekwisha kuondoka, wengine kwa hiari, wengine kwa kifo, na amebaki yeye peke yake.

Alikuja kwa miguu kutoka kwao Kimilili, akaanza kama utingo. Siku hizo kampuni ilikuwa na malori mawili tu na magari manne ya kukokotwa na maksai. Kazi ya utingo ilikuwa kushika kabari ya mti na kuitia nyuma ya gurudumu kila lori liliposhindwa na kilima. Marehemu Nyongesa, aliyekuwa dereva wake, alipenda kusimulia kwamba siku moja lori lilikwama kwenye kilima cha Timboroa, Wepukhulu akatia kabari, akapanda hadi kambi ya wapasua mbao, akaomba chai, akashuka na kikombe kikiwa bado cha moto, na lori lilikuwa halijasogea hata hatua moja. Nyongesa alisema kwamba baridi ya Timboroa ilimfanya akisamehe kikombe hicho kwa kuwa cha wizi. Mzee Wepukhulu anashikilia hadi leo kwamba kilikuwa cha kuazima.

Mwaka wa 1931 alipimwa udereva. Afisa aliyempima alimwamuru arudi nyuma kwa lori kati ya magari mawili ya maksai ya Makaburu yaliyosimama karibu na stesheni. Wepukhulu alishuka kwanza, akawaomba wenye maksai wawashike wanyama wao vizuri, ndipo akarudi nyuma bila kugusa chochote. Alipoulizwa kwa nini alishuka, alijibu kwamba lori alilijua, lakini wale maksai walikuwa wageni kwake. Akapewa leseni.

Hivyo ndivyo alivyoendesha maisha yake yote. Alipokutana na ng'ombe barabarani hakupiga honi. Alisimama, akamsalimu mchungaji, akamwuliza habari za nyasi, na ng'ombe wakapita. Vijana walimcheka kwa kuchelewa, mpaka walipoanza kuhesabu muda waliopoteza wao wenyewe kukusanya ng'ombe waliotawanywa na honi zao.

Kutoka mwaka wa 1933 alipewa njia ya mpakani, yaani Eldoret, Kitale, Endebess, hadi Suam, ambako ng'ambo ya mto ni Uganda. Alipeleka mbegu, mbolea na mabati, akarudi na mahindi na mbao. Ndiye aliyeanzisha desturi ambayo kila dereva wa kampuni hii anaijua: kusoma njia. Dereva anayeingia kutoka mpakani hanawi wala hali kabla ya kuketi kwenye ngazi ya gereji na kumweleza anayetoka hali ya barabara, kilima kwa kilima na daraja kwa daraja. Wanyama, dereva wa lori la maziwa la Moiben, amesema mara nyingi kwamba Mzee Nicanor husoma njia kama padre asomavyo misa, na ukisinzia anaanza upya. Hata hivyo Wanyama mwenyewe hajawahi kutoka bila kumsikiliza.

Sasa naja kwenye jambo lililonizuia kuandika.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1944 mvua zilikuwa kubwa. Wepukhulu alikuwa na lori namba saba, lenye magunia sitini ya mbegu za mahindi za mashamba ya Suam. Utingo wake alishikwa na homa wakaachana Kitale, kwa hiyo alikuwa peke yake. Namba tisa, la Stephen Kipyego, lilikuwa likimfuata, lakini lilisimama Endebess kushusha mzigo.

Siku ya tatu namba tisa lilirudi zima. Namba saba halikurudi. Lilikutwa ng'ambo ya daraja la magogo lililoko mbele ya Endebess, limelalia ubavu mtaroni, na dereva hayupo. Magunia yalikuwa yamelowa kwa siku mbili. Yalipofikishwa hapa yadini mbegu zilikuwa zimeota ndani ya magunia, na majani yametokeza kwenye mishono. Wakulima wa Suam walipanda wakiwa wamechelewa, na msimu ukawapita.

Kanuni ya nne ya kampuni ilisema, na bado inasema, kwamba dereva haachi lori lenye mzigo kwa sababu yoyote. Mimi nilikuwa karani wa kitabu cha madereva. Nilimwita Wepukhulu, akasimama mbele ya meza yangu na matope ya safari yakiwa bado magotini. Nilimwuliza kama aliacha gari.

"Niliacha, Karani."

Nilimwuliza kama alikuwa na neno la kuongeza. Akasema hana. Nikaandika kwenye mstari wake: Alitelekeza gari. Aliondolewa njia ya mpakani kwa miaka mitatu, akapewa lori la kubeba mawe kutoka machimboni hadi mjini. Katika miaka hiyo mitatu, kila jioni, alikuja akaketi chini ya ngazi ya gereji kuwasikiliza wenzake wakisoma njia ambayo yeye hakuruhusiwa kuipita. Nilimwona kutoka dirisha la ofisi. Nilidhani anajifunza adabu.

Mwaka wa 1947 alirudishwa mpakani, na hajaharibu hata taa moja tangu hapo. Nilichukulia kwamba mambo yamekwisha. Karatasi haisahau jinsi watu wanavyosahau, na mtu wa kazi yangu ndiye angepaswa kulijua hilo kuliko wote.

Mwezi wa Februari mwaka huu, Chama cha Wakulima wa kwao Kimilili, ambacho kimenunua lori lake la kwanza, kiliomba barua ya utumishi wa Mzee Wepukhulu. Wanataka awe msimamizi wa lori hilo na mwalimu wa vijana watakaoliendesha. Ndiyo kazi anayoitaka. Kwa miaka miwili amekuwa akisema kwamba akifika nyumbani hatalima, kwa sababu jembe halina gia. Nilijaza barua kama ilivyo desturi. Mahali palipoandikwa Makosa, nilinakili kitabu. Chama kilijibu kwa adabu kwamba hakiwezi kulikabidhi lori lake la pekee kwa mtu aliyewahi kutelekeza lori.

Mkewe, Mama Nasambu, alikuja ofisini na barua hiyo. Hakuketi.

"Hii neno hapa, nani aliandika?"

Nikamwambia ni mimi.

"Basi wewe ndiye unaweza kuitoa."

Nilimweleza kwamba karani hafuti kilichoandikwa kitabuni, na kwamba mumewe alikiri mwenyewe. Alisema kwamba ameishi na mtu huyo miaka thelathini, na hata mwavuli hajausahau kwa mtu. Kisha akaenda zake. Nilirudi kwenye wasifu, nikaona siwezi kuandika kwamba Mzee Wepukhulu alikuwa dereva mwaminifu kwenye ukurasa huu, na kwenye ukurasa mwingine niwe nimeandika kinyume chake.

Mwanzoni mwa Mei alikuja Stephen Kipyego. Aliacha kazi hapa mwaka wa 1950, na sasa anafuga ng'ombe wa maziwa Moiben. Wanyama alipokwenda kuchukua maziwa alimpa habari za barua ya Kimilili, naye akapanda lori hilo hilo, katikati ya madebe, akaja hadi mezani pangu akiwa na kofia mkononi.

Alieleza hivi. Magurudumu ya nyuma ya namba saba yalipotoka darajani, Wepukhulu alisikia magogo yakivunjika. Alishuka, akaona magogo mawili yamekwenda na maji, lakini udongo uliotandazwa juu yake ulikuwa bado umeshikana. Kwa mtu anayeshuka kilima kutoka Endebess, daraja lilionekana zima. Alijua namba tisa linakuja. Alijua pia kwamba lori halisimami kwenye mteremko wa matope, kwa hiyo kupunga mkono darajani hakungefaa kitu. Alivuka mto kwa miguu, akishikilia magogo yaliyobaki, akapanda kilima cha ng'ambo ya pili hadi kileleni, akamsimamisha Kipyego kabla hajaanza kushuka. Mto ukajaa nyuma yake. Alishindwa kurudi kwa siku mbili, na katika siku hizo ukingo wa barabara ulimomonyoka chini ya namba saba.

Nilimwuliza Kipyego kwa nini hakusema siku ile.

"Karani, nilikuwa na wamama tisa juu ya lori. Walitoka soko ya Endebess na mvua iliwanyeshea. Na kwa mlango wa gari imeandikwa hakuna abiria. Ningesema Nicanor alinisimamisha, mngeuliza nani mwingine aliona."

Alisema kwamba waliposhuka kilima kwa miguu wakaona udongo wa daraja ukianguka wenyewe, Wepukhulu alimwambia anyamaze, kwa kuwa kampuni ilikuwa ikimwachisha kazi siku hiyo hiyo kila aliyekutwa na abiria, na Kipyego alikuwa na watoto wanne wadogo. Yeye Wepukhulu, kwa makisio yake, angekaripiwa tu. Kipyego aliongeza kwamba alipoacha kazi alifikiri jambo hilo limeshakufa, na kwamba hana udhuru mwingine. Wiki iliyofuata alirudi na mmoja wa wale akina mama, Jelagat, ambaye sasa ana duka Endebess. Aliyasema hayo hayo mbele yangu na mbele ya Bwana Meneja, akatia kidole kwenye maelezo yake.

Kosa la Kipyego ni lake. Langu ni hili. Mwaka ule ule wa 1944, katika taarifa yake mwenyewe niliyoipokea na kuitia kwenye jalada, Kipyego aliandika kwamba alisimama juu ya kilima kwa kuwa daraja limevunjika. Kutoka juu ya kilima hicho uvunjikaji ule haukuonekana. Dereva yeyote aliyeketi kwenye ngazi ya gereji angeuliza alijuaje. Nilikuwa na taarifa hiyo na jibu la Wepukhulu juu ya meza moja, nami sikuuliza. Niliuliza kama kanuni imevunjwa, nikaridhika.

Nilipomwendea Mzee Wepukhulu nyumbani kwake kumwambia kwamba tumejua, alikuwa akifunga sanduku. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza hata baada ya Kipyego kuondoka.

"Uliniuliza kama niliacha gari, Karani. Niliacha." Kisha akaniagiza niketi, akamwita Mama Nasambu alete chai, akaniuliza kama barabara ya Soy imekauka.

Nimemwandikia Bwana Meneja kuomba mstari ule ufutwe, na barua nyingine iende Kimilili. Bwana Meneja ameniambia kwamba kitabu ni cha wakurugenzi, na kwamba mmoja wao ana shaka: kanuni ya nne inasema kwa sababu yoyote, na akiifungulia mlango sababu moja atazifungulia zote. Siwezi kumlaumu. Maneno hayo ya kanuni niliyaandika mimi, mwaka wa 1936. Wakurugenzi watakutana Jumanne, tarehe 17 Julai, siku kumi na saba baada ya Mzee Wepukhulu kukabidhi ufunguo wa lori. Chama cha Kimilili kimekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi huo, si zaidi.

Kwa niaba ya madereva, matingo, mafundi na makarani, namshukuru Mzee Nicanor Wepukhulu kwa miaka ishirini na tisa, na kwa watu kumi ambao hawakuzama katika mto ule. Mzee, tunakuombea wewe na Mama Nasambu afya, mvua ya kiasi, na nyumba yenye wajukuu. Ningependa kuongeza kazi unayoitamani, lakini hiyo siwezi kuitoa kwa kalamu hii.

Tarehe 17 Julai nitakaa nje ya mlango wa mkutano. Uamuzi ukishatolewa nitaandika, kwako kwanza na kwenye karatasi hii baadaye, wawe wamekubali au wamekataa. Wakikataa, nitawaandikia pia Kimilili, si kwa jina la kampuni bali kwa jina langu, niwaeleze ni nani aliyeandika mstari ule na ni swali gani ambalo hakuliuliza.

Karani Mkuu