Mlango wa Mama Yake Wembe

Birika la kahawa lilikuwa bado la moto pale kwenye benchi la kona, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, Wembe alipotua na shida yake. Wembe ni kinyozi. Juzi mchana, yeye yuko kazini, mtu asiyejulikana aliutikisa mlango wa nyumba yake mpaka komeo likapinda, na ndani alikuwemo mama yake peke yake. Mama akapiga kelele, jamaa akatimua mbio. Tangu hapo Wembe anaacha kichwa nusu, anakimbia nyumbani kumwangalia mama, na nani atampelekea kichwa kinyozi wa namna hiyo?

— Nichukue kitasa gani, jamani? Sina mwingine, nimebaki na mama tu.

Breki, dereva mstaafu, hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe.

— Kimoja cha nini? Funga vitatu: juu, kati, chini. Halafu kufuli la nguvu kwa nje. Ukienda kazini, funguo zote mfukoni.

— Vitatu ni kumtangazia mwizi kwamba kuna mali, akadakia Fundi Redio. Wewe tia kitasa upande wa bawaba. Mwizi ahangaike upande ambao haufunguki. Atajiona mwehu, arudi kwao.

— Na bawaba ziende wapi? Wembe akauliza.

— Hiyo kazi ya seremala, mimi natoa wazo tu.

Breki hakubali kupitwa.

— Basi ziba mlango wote kwa tofali! Chora mlango wa rangi ukutani, na kitasa chake. Mwizi atachokonoa mpaka jioni.

— Mimi na mama tupite wapi?

— Dirishani. Kitambi chako hicho utajua mwenyewe.

Wembe akacheka, mara ya kwanza tangu juzi. Lakini lile la vitasa vitatu na kufuli lilikuwa limeshamwingia. Akanyanyuka aende dukani, na hapo akasikia mtu anakohoa nyuma yake.

— Mama! Umekuja peke yako?

— Kwani miguu ni ya nani? Mlango nimeurudishia, jirani anauangalia.

— Shikamoo mama, wakaamkia wote, wamesimama.

— Marahaba, wanangu. Nimewasikia tangu kule. Sasa niambieni, hizo funguo zote zikiwa kwa Wembe, mimi nikitaka kutoka nitafunguliwa na nani?

Breki akakitazama kikombe chake. Fundi Redio akavikagua viatu vyake kana kwamba ni vipya. Wembe aliona aibu, na papo hapo akaona raha: mama aliyepiga kelele juzi amekuja mwenyewe, hana hata wasiwasi. Ni yeye mwanawe aliyekuwa anaogopa.

Akaingia dukani, akatoka na kitasa kimoja kizito. Kwa nje hakifunguki bila ufunguo. Kwa ndani unazungusha kishikizo tu. Akampa mama mkononi. Mama akazungusha, ta! Akazungusha tena.

— Hiki nakiweza. Kahawa iko wapi?

Breki akainamisha birika, halikutoa hata tone. Akampa mama kikombe chake, kilichokuwa bado kimejaa, akasogea mama akae.