Ulikuwa Unajikinga na Nani?

Kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege wa Stavanger, Norwei, nilikaa nyuma ya mume na mke. Mume, Eivind, alikuwa amerudi kutoka mtambo wa mafuta baharini baada ya wiki mbili. Alikuwa anatafuta pipi kwenye mkoba wa mkewe, Tuva, akaibuka na pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango.

“Kumi na vinne havipo, na mimi sikuwepo,” akasema. “Ulikuwa unajikinga na nani, mama?”

“Humezwa kila siku, bwana, uwepo usiwepo. Nikikatisha, siku ukirudi havitanikinga.”

“Maneno ya nesi hayo.”

“Ya nesi ndiyo. Ulitaka ya jirani?”

“Jirani yupi?” Masikio ya Eivind yaliiva. Nikajifanya nasoma tangazo la sabuni.

“Na wewe kule mbona unavua pete?” Tuva akauliza.

“Sheria ya kazi. Ikinasa kwenye mashine, kidole kinakwenda nayo.”

“Basi na kidonge kina sheria yake.” Akakitazama kidole cha mumewe. “Ila sasa uko nchi kavu, Eivind. Pete iko wapi?”

Basi likasimama kituoni kwao. Eivind alikuwa bado anajipapasa mifukoni.