Historia ya Marehemu Elkana Kohen, Mchimbaji wa Ngome

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, Nissim, shemeji wa marehemu, kazi ya kusoma, kwa kuwa sauti yangu ndiyo kubwa kuliko zote hapa Arad, na anayebisha awaulize majirani.

Marehemu Elkana Kohen alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 mjini Sefrou, nchini Moroko, akaletwa huku Israeli mwaka 1956, akasoma hadi darasa la nane, dawati moja na mimi, nikimshinda kila somo isipokuwa mbio. Mwaka 1971 tuliajiriwa kuchimba ngome ya mababu zetu, kule mlimani juu ya Bahari ya Chumvi, kazi ngumu kwa mtu wa ukoo wa makuhani, ambaye sheria yetu inamkataza kukaribia maiti, hivyo kila mfupa ulipochomoza Elkana alitupa sururu na kutimua mbio, nasi tukacheka hadi chai ya nanaa ikapoa.

Machi 1972 wakubwa walitangaza kwamba isipopatikana alama ya waliokaa humo kufikia Ijumaa, uchimbaji unafungwa, naye baba yangu, Mzee Makhluf, aliyekwisha kukubali kumwoza Elkana dada yangu Zohara, akasema asiye na kazi hana mke. Alhamisi mfupa ukaonekana, Elkana huyoo, nikapaza sauti, "Rudi, shemeji, huo wa mbuzi, mbuzi hana matanga!", akajibu, "Wewe mbuzi unamjua kwenye kuskusi tu!", mara ardhi ikammeza. Nilifika wa kwanza, nikiwaacha mbali wasomi waliotusimamia, nikasikia kutoka chini, "Nissim, mguu umevunjika, lakini nimekalia ngazi!", na kweli, ngazi za kuchongwa, kuta za chokaa, birika la kujitakasa la Wayahudi wa kale, alama yenyewe iliyotafutwa, nami nikamvuta peke yangu, ingawa wapo wanaodai walishika kamba.

Uchimbaji ukaongezewa muda, akamwoa Zohara tarehe 6 Juni 1972, akiivunja glasi ya harusi, kama ilivyo desturi yetu, kwa mguu wenye plasta, wakajaliwa Yokheved, Asael na Hadasa.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akafariki nyumbani jana, tarehe 12 Novemba 2019.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuletea vyakula, na wenzake wa ngomeni, kwani uchimbaji ule ambao wakubwa walishindwa kuufunga, leo wenzake wameufunga wenyewe ili wamsindikize.

Lala kwa amani, shemeji, kesho asubuhi wanaendelea kuchimba.