Maisha ya Mama Jokébed Kahongya, aliyeenda kutafuta kuku akarudi na mwizi

Yameandikwa na mudogo wake Rébecca, na kusomwa siku ya maziko, Butembo, siku ya posho, ni kusema Jumamosi, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025

"Mama Jokébed, siku Mungu atakuita, hawa wezi wako utatuachilia nani?"

Ni jirani yake, Papa Zorobabel, mukubwa wa chorale yetu ya kanisa, aliyeuliza vile juu ya ua wa lupango, mutoto mumoja akiwa anamufuata mama na kinu kichwani. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Papa Zoro, ngoja nife kwanza, tutaona."

Sasa amekufa, na tunapashwa kuona. Nyumbani mwake kumebaki mutoto mumoja, Eliane, miaka nane. Karatasi ya bwana juge, hakimu wa watoto, inasema atakaa kwa Mama Jokébed mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza, badala ya kufungwa. Lakini jina lililo kwenye karatasi ni la marehemu. Keshokutwa, siku ya kwanza ya juma, asubuhi, mama assistante sociale, yule anayefuata habari za watoto wa juge, atapita. Kama hakuna mutu mwengine wa kutia mukono, Eliane atapandishwa gari mpaka Beni, kwenye nyumba ya kufungia. Tutarudia neno hili. Kwanza tumusindikize mama vizuri.

Alizaliwa Masereka tarehe 9 mwezi wa ine 1958, mutoto wa tano wa Papa Maliro na Mama Victoire, walimaji wa viazi. Siku ile ilinyesha mvua ya mawe. Papa Maliro alitoka kuangalia shamba, aliporudi akakuta mutoto amekwisha kuzaliwa. Wamama wakamuuliza: "Haukusikia akilia?" Akajibu: "Nilisikia, nikazania ni mbuzi." Sauti ile nene haikumuacha. Miaka makumi tatu aliimba kwenye chorale, nyuma kabisa, pamoja na wanaume, na micro ya kukuza sauti haikumufikia hata siku moja. Papa Zorobabel anajua.

Alianza masomo ya primaire kule kule Masereka mwaka 1965, akaishia mwaka wa tano kusudi alee wadogo wake. Katika mwaka wa pili, boksi ya chaki ya darasa ilipotea. Mwalimu Manassé akasimamisha watoto wote: "Fungueni kinywa!" Ulimi wa Jokébed ulikuwa mweupe sawa kitambaa cha meza ya Bwana. Alikuwa ameikula karibu yote. Walimu wengine wakasema afukuzwe. Mwalimu Manassé akasema: "Hapana. Kuanzia leo huyu njo mulinzi wa chaki." Akamupa ufunguo wa kabati. Kutoka siku ile chaki haikupotea tena, isipokuwa kipande kimoja, ambacho mama alikiungama mbele ya kanisa akiwa na miaka makumi sita na tatu. Kanisa likamusamehe kwa makofi.

Tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1977 aliolewa na Papa Éphraïm Lusenge, fundi wa kujenga, mutu wa maneno machache sana. Wakahamia Butembo, wakazaa Mathe na Anne-Marie. Mama aliuza vitunguu na shu, kabichi za Masereka, kwenye soko kwa miaka makumi ine. Papa Éphraïm alitutangulia mwaka 2018.

Kazi ile nyingine, yenye ilileta watu wengi hivi hapa leo, hakuitafuta. Alitafuta kuku. Mwezi wa nane 2011 kuku wake mwekundu aliibiwa. Wakamwambia mwizi amekamatwa, aende bureau ya polisi. Akavaa kitenge kizuri, akaenda. Pale bureau akakuta kuku amefungwa muguu mumoja kwenye kiti, na karibu yake mutoto wa miaka saba, Timothée, naye amekaa chini.

"Mwizi iko wapi?" mama akauliza.

"Njo huyu," mukubwa wa bureau akasema. "Kesho tunamupandisha camion ya Beni. Hapa hapana nafasi ya batoto."

"Juu ya kuku moya?"

"Mama, mwizi ni mwizi."

Mama akainama, akamuambia Timothée afungue kinywa, sawa Mwalimu Manassé. Akasimama. "Mukubwa, huyu haiko na meno ya mbele. Unafunga mutu mwenye hana meno? Kule kwenye mufungo atatafuna nini?"

Maaskari wakaanza kucheka. Mukubwa naye akacheka, lakini akakaza uso haraka. "Sawa, chukua mutoto. Mais kuku inabakia. Ni preuve ya wizi."

"Bakisha preuve yako. Nipe mutoto."

Jioni ile, wenye walipita karibu na bureau walisema kwamba kulinukia vizuri sana.

Papa Éphraïm alikuwa kwenye mulango. Akauliza: "Kuku iko wapi?"

"Hii hapa," mama akasema, akimusukuma Timothée mbele.

Papa akamuangalia mutoto mara mbili. "Itataga?"

Kisha akachukua nyundo, akamupigia kitanda.

Bwana juge wa watoto alisikia habari ile, akamuita mama, akamupa karatasi kwamba ni mutu wa kuaminiwa. Toka hapo wakawa wanamutumia wadogo sana, wale wenye walistahili kuwa kwenye masomo kuliko kwenye bureau. Mama hakusoma sheria. Alikuwa na yake moja tu: siku ya posho mwizi anapika, na mwenye aliibiwa anakuja kula. Wanakula kwa sahani moja. Na kitu kile mutoto aliiba, njo kitu atakilinda. Timothée alifuga kuku mpaka lupango likajaa, na hata wachungaji wakawa wanapita mara nyingi kusalimia.

Salomon, miaka kumi, aliiba matunda ya avoka ya Papa Zorobabel. Juge alisema siku ine za posho. Papa Zorobabel alikuja siku ine, akakula fufu na sombe ya majani ya muhogo, hakumutazama mutoto. Siku ya tano akaja tena.

"Papa Zoro," mama akasema, "malipizi ilimalizika."

"Najua, mama. Mais roho yangu haijapoa bado."

"Itapoa lini?"

"Hii sombe njo itasema."

Alikuja mpaka siku ya saba. Watu wa avenue, njia yetu nzima, wakaanza kuacha jiko wazi kusudi waibiwe, mama akapashwa kutangaza kanisani kwamba hapokei walioibiwa kwa kusudi.

Hatutasema kwamba wote walikuwa malaika. Mumoja alitoroka na sufuria kubwa, akarudi nayo kisha siku tatu kulalamika kwamba imetoboka. Lakini wote ni kumi na saba, na hakuna hata mumoja aliyerudi bureau, isipokuwa Timothée. Yeye ni fundi wa mbao kule Beni leo, na walimuita aje kutengeneza mulango. Ndiye aliyetengeneza sanduku hili munaloliona. Mama alilipima mwenyewe mwaka jana, akasema: "Timothée, umeweka urefu mwingi. Unazania nitaendelea kukomaa?"

Eliane ni wa kumi na saba. Mwezi wa nane wa mwaka huu aliiba micro ya chorale. Hakuiuza. Wakamukuta njiani kwa soko, amesimama juu ya ndoo, anaimba ndani ya micro bila courant ya umeme, macho yamefungwa. Papa Zorobabel mwenyewe alimupeleka bureau. Alikuwa na hasira, na haki ilikuwa yake, micro ile tuliichangia miaka miwili. Tangu hapo anakuja siku ya posho kula, na Eliane anakunja nyaya za chorale kila kisha ibada. Papa Zorobabel anasema hakuna mutu muzima anayezikunja vile. Anasema hayo mutoto akiwa mbali.

Mama aligonjwa sukari na tension ya damu tangu 2022. Mwezi wa kumi aliingia hospitali, majuma matatu. Kwa sababu karatasi inasema wasitengane, Eliane alilala chini ya kitanda chake. Muuguzi akauliza: "Mama, huyu ni nani yako?"

"Ni mulinzi wangu. Ao mimi njo mulinzi wake. Tumesahau."

Akarudi nyumbani. Siku ya tatu, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja, saa ine ya asubuhi, aliuliza kama sombe imetolewa motoni. Eliane akajibu, sawa mujukuu kwa nyanya yake: "Imetoka, Mukaka." Akasema asante, akageukia ukuta, akapumua mara ya mwisho.

Ameacha Mathe na Anne-Marie, wajukuu tisa, mudogo wake Rébecca, watoto kumi na saba walioandikwa kwa juge, na kuku sita. Bwana amupe kukaa chini sasa, kwa sababu alisimama sana.

Tarehe 10 alituomba tuandike neno lake kwa Papa Zorobabel, tulisome hapa, mbele ya watu wote, asije akasema hakusikia. Hatukuongeza kitu:

"Papa Zoro, uliniuliza nitakuachilia nani. Ninakuachilia Eliane. Ni mumoya tu, bengine bote balikomaa. Utie mukono kwa karatasi mbele siku ya kwanza haijafika. Siku ya posho yeye apike, wewe ukule, sawa siku zote. Usimupige. Na micro, siku moya ya Mungu, umupatie aimbe, ikiwa na courant."