Keni la Mama Agape

Wazee wetu shikamooni, baba paroko, majirani, na ninyi wa kiwandani mliokula vumbi lote hili kutoka Tarime, familia ya Wangwe inawasomea maisha ya Pudensiana Baltazar Kimario, Mama Agape, ambaye leo tunamlaza hapa nyumbani Nyamongo, kando ya mumewe.

Mama Agape alizaliwa tarehe 11 Machi 1971 katika kijiji cha Mengwe, wilayani Rombo, akiwa mtoto pekee wa mzee Baltazar, akasoma shule ya msingi hapo kijijini hadi mwaka 1985, sekondari Moshi hadi 1989, kisha akasomea usindikaji wa maziwa Arusha na kuhitimu mwaka 1994. Tarehe 2 Septemba 1996 alishuka kwenye basi Mugumu, afisa mifugo asiyemjua mtu hata mmoja, akapanga chumba Morotonga, na huko ndiko alikokutana na mwalimu Enock Wangwe, kijana wa boma hili. Walifunga ndoa tarehe 15 Julai 2000, na ng'ombe wa boma hili wakatolewa, ingawa Rombo walifika wakiwa noti, maana nani angewapakia kwenye basi.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Agape, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2002, ambaye sasa ni nesi Mbeya. Enock alitutoka kwa ajali ya pikipiki tarehe 20 Oktoba 2009, na nyumba yao ikabaki kubwa mno kwa mtu mmoja na mtoto wa bweni.

Februari 2011 alihamia Tarime, akaajiriwa katika kiwanda cha maziwa kusimamia usafi, akakuta maziwa ya pakiti yanachacha kabla ya kufika madukani, wengine wakilaumu umeme, wengine ng'ombe, na wapo waliosema kuna mkono wa mtu. Yeye alifungua mabomba kiungo kwa kiungo, akapitisha kidole, akatoka na utando unaoteleza, akaunusa, kumbe wenzake kwa nia njema walikuwa wanaanza kuosha kwa maji yanayochemka, masalia ya maziwa yanagandia ndani ya bomba, na vijidudu vinapata pa kujificha. Akaagiza maji ya uvuguvugu yatangulie mpaka yatoke safi, ndipo ifuate dawa ya moto ya kukata mafuta, ndipo ya kung'oa ukoko, ndipo ya kuua vijidudu, na viungo vyote visuguliwe kwa brashi hata kama vilisuguliwa jana. Maziwa yakatulia, na waliochoka naye wakasema anaiamini pua yake kuliko binadamu, jambo ambalo halikuwa mbali sana na ukweli.

Agosti 2013 maziwa ya boma hili yalifika kiwandani kwenye madumu ya plastiki, yale ya mafuta ya kupikia, ambayo shingo yake haipitishi mkono wala brashi, naye akayarudisha kama alivyoyarudisha ya wengine. Mama mkwe wake, bibi Mokami, alisema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona mkamwana aliyetolewa ng'ombe akakataa maziwa ya boma lililowatoa, na kwamba mguu wake hautakanyaga tena kwa Pudensiana. Mama Agape akamtumia keni la maziwa, la aluminiamu lenye mdomo mpana, bibi akaweka humo mbegu za mahindi, na boma zima likanuna pamoja naye.

Mama Agape aliumia sana, maana hapa Mara hakuwa na ndugu mwingine. Kila Jumapili baada ya misa alipika ndizi kwenye sufuria kubwa, asije mtu wa boma hili akakuta hakuna chakula, kisha akala kiporo peke yake mpaka katikati ya wiki, na hayo tumeyajua kwa Eunice, mwenzake wa kazini.

Novemba 2023 aligundulika Mwanza kuwa na saratani ya tumbo, akaendelea na kazi mpaka mwili ulipokataa, na mwishoni mwa Mei 2025 alilazwa Tarime, ambako chakula kilimshinda, akasema angeweza labda maziwa ya kwa mama, akimaanisha bibi Mokami. Eunice alileta habari hiyo hapa. Bibi Mokami alizimwaga zile mbegu za kwenye keni, akamuuliza Eunice hatua kwa hatua, akaanza na maji ya uvuguvugu, akasugua mwenyewe mpaka kwenye mikunjo ya mfuniko, na asubuhi ya tarehe 6 Juni akakamua, akapanda bodaboda na keni lake mapajani. Mama Agape alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Tarime, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wote, na Eunice kwa namna ya pekee. Ni yeye aliyelifungua lile keni jioni, akanusa kama alivyofundishwa, akamwambia bibi kwamba maziwa bado ni matamu, na bibi akauliza sasa atampa nani.

Mkamwana wetu, Mama Agape, umefika nyumbani, pumzika kwa amani.