Kaka Yetu Kutu na Mngurumo wa Amplifaya

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza kaka yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa pekee, kazi ya kuwasomea maisha yake, kwa kuwa ndimi niliyeishi naye, nami naomba mnivumilie, kwani kuna sehemu nimeiandika upya jana na baba mkubwa hajaiona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mabati, na mama alikuwa akisema mtoto huyu halali mpaka mashine zianze kazi. Aliingia darasa la kwanza Januari 1997, akamaliza la saba mwaka 2003, akiwa amechapwa mara nyingi kwa kupiga dawati kwa rula, na mama alipofariki mwaka 2005 aliacha sekondari akiwa kidato cha pili ili mimi nimalize shule ya msingi, akajifunza kuchomelea, na mageti mengi ya mtaa huu, pamoja na hilo mlilopita leo, ni kazi ya mikono yake.

Mwaka 2012 yeye na wenzake watatu walianzisha kundi la rap, wakaliita Nati Legevu, naye wakampa jina la Kutu. Hawakutaka midundo ya kawaida, walirekodi grainda ya kukatia chuma, mlango wa bati na pampu ya maji, wakavipitisha kwenye amplifaya iliyoungua ambayo kaka aliiokota jalalani, kisha wakaghani juu yake. Amplifaya ile ilikuwa na mngurumo wake, kama nyuki ndani ya debe. Redioni hawakupigwa hata siku moja, lakini kila Jumamosi mchana vijana walijaa kwenye karakana yake uani kwetu, wakitoka wameziba masikio huku wanacheka. Mimi niliona aibu. Watu waliponiuliza kaka yako anafanya nini, nilijibu anachomelea mageti, nikaishia hapo.

Hakubahatika kuoa wala kupata mtoto, ila binti yangu, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2018 na ambaye humwita Mjomba Kelele, kaka alimbeba kuliko nilivyombeba mimi, alimfulia nepi bila kuombwa, na kila alipomlaza alizima vyombo vyake vyote, hata feni.

Karatasi niliyopewa inasema hapa kwamba nilimpenda kaka yangu hata nikampelekea amplifaya yake kwa fundi. Kwa fundi niliipeleka kweli, Septemba 2018, lakini si kwa upendo. Wakwe zangu walikuwa wanakuja kumwona mtoto siku ya Jumamosi, nikaogopa wasije wakausikia mngurumo ule. Fundi redio akaisafisha, akabadilisha vilivyoungua, ikawa kama mpya. Kaka aliporudi akaiwasha, akaisikiliza kwa muda mrefu, akacheka, "Mdogo wangu, hii sasa inafaa kusomea taarifa ya habari," akanishukuru, akala chakula chake. Tangu hapo Jumamosi zikawa kimya, nami nikasema moyoni afadhali, wamekua, wala sikuuliza hata mara moja kwa nini wenzake hawaji tena.

Juzi tukipanga viti, Koleo wa kundi lao aliniambia, "Dada, kaka yako alituua. Mlio ule tumeutafuta kwenye amplifaya kumi nyingine, haupo. Tulipouliza nani kaigusa, akasema, 'Ni mimi, nimechoka na makelele yenu.' Nikamwita msaliti. Miaka mitano na zaidi sijampa hata salamu." Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Koleo, na ninyi wawili mlioshika jeneza pamoja naye asubuhi, kaka yangu hakuigusa, niliyeigusa ni mimi, naye alijua, akabeba lawama msije mkanigombeza nikiwa na mtoto mchanga mkononi. Naomba mnisamehe, na yeye msimwite tena hivyo.

Alianza kukohoa Februari 2023, mapafu yakawa yameharibika, akalazwa tarehe 9 Mei 2024, akafariki tarehe 21 Mei, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Tunamshukuru daktari aliyemhudumia, majirani mliotuletea viti na maji kabla hatujaomba, na mafundi wenzake mliomalizia mageti aliyoyaacha. Kipekee namshukuru muuguzi wa wodi namba nne, aliyemruhusu kaka kurekodi mashine ya oksijeni kwa simu, akasimama mlangoni kuwanyamazisha wapita njia. Rekodi ni ya dakika kumi na moja, mashine inavuta na kuachia, kaka anaghani kwa sauti ndogo, kisha ananyamaza, anaendelea, ananyamaza tena, mara tatu. Nilidhani pumzi imemwishia. Tangu juzi naelewa kwamba hizo ni nafasi alizowaachia ninyi watatu mghani.

Simu ninayo hapa, chaji imejaa, ni yenu. Spika yake inakwaruza, sijaipeleka kwa fundi.

Pumzika kwa amani, kaka yangu.